Thamostati za Mlangoni kwa Mjomba Kasiano

Jana saa kumi jioni nilistaafu kazi ya ufundi magari. Nina miaka kumi na saba. Nimetumikia likizo tatu mfululizo, na anayetaka kucheka acheke sasa, kabla sijafika kwenye habari zenyewe.

Nawaandikia nyinyi, Deo na Felista, binamu zangu mnaokaa kwa bibi kule Mwimbi, kwa sababu likizo ijayo mtaletwa mjini Sumbawanga kushika nafasi yangu. Gereji ya baba yenu, Mjomba Kasiano, mnaiona Krismasi tu, ikiwa imefungwa na yeye amevaa suti. Siku za kazi ni kitu kingine. Mimi mwakani nina mtihani, na baba yangu amesema mwaka wa mtihani ni wa kunuka wino, si wa kunuka grisi. Ovaroli nimeifua mara mbili na kuitundika nyuma ya mlango. Miguu yake niliikunja kwa uzi mweusi. Deo ataifumua, Felista aiache hivyo hivyo. Cheo sikupewa na mshahara haukuwepo, kwa hiyo kurasa za mambo hayo tunaziruka.

Siku ya kwanza nilifika na kandambili. Hilo ni kosa la kwanza, msilirudie. Spana namba kumi na saba ikianguka haichagui kidole. Mjomba hakunigombeza, alinitazama mguu tu, halafu akaenda kunitafutia mabuti ya marehemu babu, ambayo nilijaza magazeti mbele ili yanitoshe. Nikatembea kama bata likizo nzima.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika. Mjomba ni fundi mzuri ila mwandiko wake hata yeye akiurudia kesho yake haujui. Alitaka daftari la magonjwa: gari gani limekuja, saa ngapi, linalalamika nini, limefanyiwa nini. Mimi kuandika naweza. Kusema mbele ya watu ndiyo shida yangu, mnaijua. Mgeni akiingia ulimi unakauka, na kama ni mwanamume mwenye sauti nene, nakuwa kama nguzo.

Ndiyo maana wateja wote wa mtaa wetu wa Mazwi waliamini kwamba binti wa gerejini ni bubu. Sikuwadanganya. Walijiambia wenyewe, na kuwakatalia kulihitaji kusema. Aliyeamini kuliko wote ni Mzee Hemedi, mwenye lile duka la karibu na stendi na ile pikapu ya kijani. Yeye akija alinisalimia kwa mikono miwili, polepole, na juu yake akapaza sauti kama ananiita kutoka ng'ambo ya mto. Mimi kwa heshima nikawa namjibu kwa mikono. Kufika mwisho wa likizo ya kwanza tulikuwa tunaelewana vizuri sana, tena tulikuwa na ishara yetu ya pancha, ya radieta inayovuja na ya "fundi amekwenda kunywa chai". Mjomba alikuwa akiona haya yote, anageuka upande anacheka na injini.

Sasa niwaambie kuhusu mlango. Mtakapoingia gerejini mtaona waya umefungwa juu ya mlango, na kwenye waya zimening'inia thamostati. Thamostati ni kidude cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi kinajifunga, maji yakichemka kinafunguka yapite kwenye radieta yapoe. Mjomba alijifunza ufundi Dar es Salaam, miaka tisa, kwenye joto ambalo gari linachemsha likiwa limesimama. Mwalimu wake kule alimfundisha kwamba gari lolote likija, jambo la kwanza ng'oa thamostati utupe, maji yajizungukie. Mjomba akaja na elimu hiyo huku kwetu juu, ambako mwezi wa sita watu wanaoga kwa kuapa. Ila yeye hakuzitupa. Alizitundika. Zilikuwa kumi na saba, na upepo ukivuma zinagongana, na Mjomba anasema kila moja ni injini aliyoiokoa. Watu wa mtaani waliziita shanga za Kasiano.

Mengine aliyonifundisha Mjomba bado nayafuata. Weka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, utasikia mgonjwa anasema wapi panauma. Usiamini geji ya mtu anayeringia geji. Usifungue nati bila kujua utaiweka wapi. Na asubuhi, kabla jua halijafika kwenye bati la mbele na kabla chai haijateremka, fundi haingii chini ya gari. Hilo la mwisho lilikuwa sheria kabisa. Baridi ya udongo wa Sumbawanga ukiilalia kwa mgongo saa moja asubuhi, utaondoka nayo hadi Pasaka. Kwa hiyo gerejini kwetu kila kitu kilifanyika kuanzia saa nne, na gari likitengenezwa lilijaribiwa saa saba au saa nane mchana. Kumbukeni sheria hii, tutaihitaji mbele.

Likizo ya pili Mzee Hemedi alikuja na sanduku. Petroli wakati ule ilikuwa ya kibali, na hata mwenye kibali alikuta pampu imefungwa na mwenye pampu amekwenda shambani. Mzee alikuwa amepata kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anaondoka Mbeya vifaa vya kuliwezesha gari kutumia gesi ya kupikia. Mitungi angeipata upande wa Zambia, ambako ana shemeji. Ndani ya sanduku kulikuwa na mipira, vali, kibuyu kimoja cha chuma na kijitabu cha Kiingereza. Mjomba alitandaza vitu vyote juu ya gunia, akavizunguka mara tatu, akakaa siku nne chini ya boneti, na siku ya tano pikapu ikawaka kwa gesi. Mtaa mzima ukaja kuangalia. Toka siku hiyo gari likaitwa Jiko. Wanawake waliuliza kama linaweza kupika maharage. Mjomba alijibu kwamba linaweza, ila litayafikisha Namanyere kabla hayajaiva.

Kijitabu alinirushia mimi, akasema, "Wewe wa sekondari, kitunze." Nami nikakitunza. Nilikiweka kwenye droo na nisikisome, maana hakuniambia nikisome. Hilo ni kosa langu la pili, kubwa kuliko la kandambili.

Ila lazima mwelewe kibuyu, bila hicho hamtaelewa kitu. Gesi ndani ya mtungi iko kama maji. Injini haiwezi kunywa maji hayo, inataka hewa. Kwa hiyo inapita kwanza kwenye kile kibuyu cha chuma, inageuka hewa, ndipo inaingia kwenye injini. Kibuyu kimeunganishwa na mpira mmoja wa maji ya injini. Mjomba aliuunganisha kama ulivyochorwa, vizuri kabisa, bila kujua ni wa nini. Alidhani ni wa kukipoza.

Jiko likatembea miezi kadhaa bila kasoro. Halafu ikaja likizo hii ya mwezi wa sita, na ndiyo kesi yenyewe.

Mzee Hemedi ana mtoto wa kiume anaitwa Twahiri, ndiye dereva wa Jiko. Twahiri alimpenda binti mmoja wa kijiji cha Kate, Mwanaidi, ambaye baba yake, Mzee Shabani, ana duka kule. Haya yote nayajua kwa sababu Twahiri alikuwa akija kukaa kwenye tairi karibu yangu na kunieleza. Mtu akidhani wewe ni bubu anadhani na siri haziingii. Aliniambia jinsi anavyofanya mazoezi ya kumsalimia baba mkwe mbele ya kioo cha gari. Aliniambia kwamba ameanza kupaka mafuta ya nazi kwenye masharubu ambayo, kwa kusema ukweli, hayakuwepo. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu na kusugua plagi.

Wiki moja kabla sijafika walikuwa wamepeleka barua ya posa. Waliondoka alfajiri, wazee wanne nyuma ya pikapu na kanzu zao nyeupe, na kwenye kile kilima kirefu kabla ya Kate Jiko likaanza kupumua vibaya. Likawa linavuta kidogo, linakohoa, linavuta kidogo, mwisho likatembea mwendo wa mtu aliyebeba kuni. Wazee wakashuka wakasukuma. Mvua haikuwepo ila matope ya kisima cha ng'ombe yalikuwepo. Waliingia kwa Mzee Shabani na kanzu za rangi mbili. Barua ikapokelewa, maana barua haikuwa na matope, lakini wakati wa kuagana Mzee Shabani alitamka neno lake. Harusi Jumamosi ya wiki ya tatu, saa tatu asubuhi bibi harusi apandishwe gari. Lakini gari likija likisukumwa tena, harusi itasogezwa mpaka wenye gari watakapojifunza kusafiri. Binti yake hatabebwa kama gunia la mahindi lililoshindikana njiani.

Twahiri alinisimulia hayo akiwa anakaribia kulia. Kurudi, alisema, Jiko lilipanda na kushuka kama swala. Walikuwa wamekunywa chai na kula mihogo kwa Mzee Shabani, jua limetoka, wakarudi wakiimba. Ndiyo maana hakuna aliyejua tatizo ni nini.

Mjomba akaanza uchunguzi. Jumatatu alitoa plagi zote nne, zikawa safi, maana gesi haichafui plagi, akazisafisha hivyo hivyo ili zisijisikie kusahaulika. Alijaribu gari saa nane, likapanda mlima wa hospitali bila shida. Akatangaza kwamba limepona. Jumanne alfajiri Twahiri akalipeleka kuchukua mzigo, likamfia njiani. Jumanne mchana Mjomba alifungua kichujio cha hewa, akakuta panya amejenga nyumba ya kanga, tena kanga nzuri, mama yenu aliisikitikia. Panya akahamishwa, gari likajaribiwa saa saba na nusu, likapona. Jumatano asubuhi likafa. Jumatano mchana tulipaka povu la sabuni kwenye mipira yote ya gesi kutafuta panapovuja. Sabuni ilikuwa ya foleni, mama yenu alisimama pembeni anahesabu kila povu. Hapavuji. Saa nane likajaribiwa, likapona.

Kila lilipokufa, Twahiri alisema, ukifungua boneti unakuta kile kibuyu kimepakaa unga mweupe. Mzee Hemedi anabeba unga kutoka mashineni, magunia yanavuja, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mjomba alimwagiza awe anapangusa kwa kitambaa. Twahiri alipangusa kwa uaminifu. Akisubiri nusu saa akavuta sigara, gari linawaka na kwenda. Kwa hiyo Mzee Hemedi akaamini dawa ya Jiko ni sigara, na akamnunulia Twahiri pakiti nzima.

Alhamisi, Mjomba akiwa amekwenda kutafuta vali ya mtungi, nilikaa na daftari la magonjwa nikalisoma toka mwanzo. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiandika kila siku bila kukiona: magonjwa yote ya Jiko niliyaandika asubuhi, na majaribio yote niliyaandika mchana. Saa kumi na mbili na nusu, kufa. Saa saba na nusu, kupona. Saa moja, kufa. Saa nane, kupona. Nikatoa kijitabu kwenye droo, nikachukua na kamusi ya shule, nikakaa nacho mpaka chai ikapoa. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, lakini ukurasa wa tisa ulisema wazi. Gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa inanyonya joto. Ndiyo maana kibuyu kinapitishiwa maji ya moto ya injini. Maji yasipokuwa ya moto kibuyu kinaganda, gesi inapita kwa shida, na gari linakosa nguvu. Chini yake, kwa herufi nzito: injini isiendeshwe bila hiki. Na mchoro.

Nikautazama mchoro. Nikatazama mlango. Upepo ulikuwa unavuma, na vile vidude kumi na saba vilikuwa vinagongana taratibu kama vinacheka.

Mkumbuke mimi ni nani. Sikusema. Niliandika karatasi: "Mjomba, tafadhali usichukie. Naona ugonjwa wa Jiko unatokana na thamostati uliyoing'oa, asubuhi maji ya injini hayapati moto." Nikaiweka juu ya boksi la spana. Mjomba aliporudi aliichukua, akaitazama, akapangusia kijiti cha oili. Nikaandika ya pili. Hii aliisoma kwa sauti, "Mjomba, tafadhali usichukie," halafu mteja akaingia, akaitia mfukoni, na ovaroli ile ikafuliwa jioni.

Ijumaa, kabla hakujapambazuka, Mzee Hemedi alikuja kutugongea, ameamua mwenyewe. Harusi ni kesho, alisema, na kesho tutaondoka alfajiri, basi na majaribio yawe alfajiri hii, na mzigo uwe kama wa kesho. Mjomba alijaribu kuitetea sheria ya jua na chai, akashindwa. Ili uzito ulingane na wa bibi harusi na wasindikizaji wake, yalipakiwa magunia matatu ya unga, na Bi Zuhura, dada yake Mzee Hemedi, akakubali kuwa mzigo uliobaki. Alikaa katikati ya magunia na shali mbili na chupa yake ya chai, akisema anataka kuona kwa macho yake hicho kinachowaaibisha wanaume. Twahiri alishika usukani, Mzee Hemedi na Mjomba wakakaa mbele, mimi nikapanda nyuma na Bi Zuhura na daftari langu. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Majani ya kando ya barabara yalikuwa meupe.

Tukaenda vizuri kama maili nane. Kwenye mpando wa kwanza wa maana Jiko likakohoa. Likavuta, likakohoa, likasimama kwa heshima katikati ya barabara.

Wa mbele wakashuka wote. Boneti likafunguliwa. Kibuyu kilikuwa cheupe pe. Mjomba akanyoosha mkono na kitambaa, akasema, "Unga tena. Mzee, haya magunia yako yatatumaliza." Twahiri alikuwa amekaa juu ya jiwe, kichwa mikononi. Mzee Hemedi alikuwa anapapasa mifuko akitafuta sigara ya kulitibu gari.

Nilishuka. Nilipeleka kidole kwenye kibuyu, kikanata. Kwenye majani pembeni yangu kulikuwa na weupe ule ule. Nikaangalia nyuma nikitafuta mtu mwingine wa kusema, hapakuwa na mtu, palikuwa na Bi Zuhura. Nikasema.

"Mjomba, sio unga. Ni barafu."

Mzee Hemedi aliniangalia kinywa wazi, sigara ikamdondoka. Kisha akainua mikono juu. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ndogo. "Kasiano. Binti amesema."

"Nimesikia," Mjomba alisema.

"Amefunguliwa ulimi hapa hapa barabarani."

Bi Zuhura akaanza kuteremka kwenye magunia ili anishike kichwa. Twahiri aliinuka polepole juu ya lile jiwe, na uso wake ulikuwa unazirudia siri zote moja moja, na alipofika kwenye masharubu akafumba macho.

Mimi nikasema tena kwamba ni barafu, kibuyu kimeganda, na Mzee Hemedi akamwambia dada yake, umesikia sauti yake ilivyo nzuri. Nikasema mara ya tatu. Hawakusikia neno, walisikia sauti. Nikaona nisipofanya kitu watanisomea dua pale pale mpaka jua litoke, gari liwake lenyewe, na kesho lirudie. Nikachukua chupa ya chai ya Bi Zuhura kutoka kwenye magunia, nikafungua, nikaimwagia kibuyu chote. Chai ya maziwa, ya tangawizi.

"Chai yangu," Bi Zuhura alisema.

Mvuke ulipanda. Weupe ukateremka kama maji. "Twahiri, washa," nikasema, na nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nimemwamuru mwanamume. Akawasha. Jiko likanguruma lote, likatetemesha boneti, na tukapanda ule mpando harufu ya tangawizi ikitufuata.

Juu kabisa Mjomba alimwambia Twahiri asimame. Alishuka, akanijia nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa maji ya injini yana kazi gani pale?" Nikamwambia yanapaswa kuwa ya moto. Akauliza mbona si ya moto. Sikujibu kwa mdomo, nilirudi kwenye mazoea yangu. Nilimwonyesha kwa vidole duara dogo, halafu nikalining'iniza hewani na kulitikisa.

Mjomba akasema, "Kumi na saba?"

"Kumi na saba, Mjomba."

"Mungu wangu," alisema, "na trekta la kijiji." Akarudi mbele akapanda, tukageuza kurudi mjini.

Sasa kazi ya Ijumaa mchana, hii muishike, ni ya kifundi kweli. Thamostati iliyokaa nje muda mrefu inakwama. Huwezi kujua kwa kuitazama. Unaichemsha. Unaitia kwenye maji ya baridi, unakoleza moto, na maji yanapokaribia kutokota inapaswa kujifungua yenyewe. Mama yenu alitoa sufuria yake ya wali akiwa hapendi, na Mjomba akazitumbukiza zote kumi na saba. Tukakaa tumezunguka jiko la mkaa: Mjomba, Mzee Hemedi, Twahiri, Bi Zuhura na mimi. Jirani mmoja alipita, akachungulia, akauliza kama hao ni konokono. Mjomba alimwambia ni mboga ya kitaalamu.

Maji yakapiga mvuke. Mbili zilikuwa wazi toka mwanzo, hizo zimekufa kinywa wazi. Ya Jiko lenyewe, ambayo Mjomba aliitambua kwa mkwaruzo, haikusogea hata kidogo, kutu imeikaba. Nyingine zilikuwa bado kimya. Twahiri alikuwa ameinamia sufuria mpaka mvuke ukampasha mafuta ya masharubu. Halafu moja ndogo, chini kabisa, ikatikisika, ikafunua mdomo wake taratibu. Mjomba akaitoa kwa mwiko, maji ya baridi, ikafunga. Maji ya moto, ikafungua. Nikamwona Mjomba anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ilikuwa ya gari jingine lakini upana ulikubali, na nyuma yake nyingine nyingi zikaanza kufunguka moja moja. Gasketi ya kuziba kiungo haikuwepo, kwa hiyo tuliikata kwenye jalada la daftari hili la magonjwa ninalowaandikia. Mkijiuliza kwa nini halina jalada, jibu ndilo hilo. Jalada liko ndani ya Jiko, sehemu iliyoandikwa "Jiografia".

Jumamosi sikuwa na nafasi garini, nilisimuliwa na Bi Zuhura. Waliondoka saa kumi na mbili kama walivyozoea, wakiwa wameweka muda wa kusukuma, muda wa kuvuta sigara na muda wa kubadilisha kanzu. Hakuna hata kimoja kilichohitajika. Jiko lilipanda kile kilima cha Kate bila kubadilisha gia, na saa moja na nusu lilikuwa limesimama mlangoni kwa Mzee Shabani likipiga honi. Mzee Shabani alitoka na shuka na mswaki mdomoni. Bibi harusi alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Nyumba nzima ilikuwa imepanga mambo yake kwa kutegemea ubovu wa gari.

Mzee Shabani alilizunguka lile gari akitafuta matope. Hakuyaona. Akasema saa aliyoitaja ni saa tatu, na mtu anayekuja saa moja na nusu hana tofauti na anayekuja saa tano, wote hawajui saa. Basi Twahiri, badala ya kukasirika, akaomba ruhusa, akarudi mpaka chini ya kilima na kupanda tena. Akateremka, akapanda. Mara tatu, wazee wakiwa nyuma wameshikilia kofia, mpaka wanakijiji wakatoka kuhesabu. Mara ya nne ilikuwa saa tatu kamili, na Mwanaidi alikuwa tayari, kichwa chote.

Kwenye sherehe huku mjini Mjomba aliwaeleza watu kwamba yeye barafu ile aliishuku toka siku ya kwanza, ila alitaka kuona kama mimi nitaitambua. Nilimwacha aseme. Wiki iliyofuata aliwaita wenye magari wote aliowang'olea, mmoja mmoja, na trekta la kijiji likaja mwisho. Waya wa mlangoni sasa una thamostati chache tu, zile zilizokufa. Na sheria ya saa nne imebaki kwa fundi, lakini gari la gesi linajaribiwa alfajiri. Hilo nililiandika ukutani kwa chaki, msilifute.

Jana wakati wa kuaga Mjomba alipanda kwenye ngazi, akafungua waya, akanipa ile ya Jiko, yenye mkwaruzo, iliyokabwa na kutu. Akasema niende nayo shuleni, nikiona haya niitazame. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa toka saa ile, nikaisugua kwa mswaki mbovu, na jua lilipozama, mama yenu akiwa anachemsha maji ya ugali, nikaitumbukiza pembeni ya sufuria. Nikasubiri. Maji yalianza kulia. Kile kidude kikatikisika, kikakaa, kikatikisika tena, kisha kikafunguka upana wa ukucha.

Nikapiga kelele kutoka jikoni, "Mjomba! Hata hii inafunguka!"

Nje nilimsikia Mzee Hemedi, aliyekuwa amekuja kujaza maji ya radieta, akimwuliza Mjomba kama kuna siku yoyote ya wiki ambayo binti huyu bado ananyamaza.